Kutoka Ngao hadi Deraya: Historia ya Kulinda Magari dhidi ya Mabomu

Utangulizi

Mwanafunzi Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili hugundua mapema kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Kinyarwanda husema kubona, Kiswahili husema kuona. Kinyarwanda husema abantu babiri, Kiswahili husema watu wawili. Sauti /b/ iliyobaki katika Kinyarwanda imedondoka katika Kiswahili, au imelegea na kuwa /w/. Kwa kanuni hiyohiyo, ingabo ya Kinyarwanda na ngao ya Kiswahili ni neno moja lililopita njia mbili. Kinyarwanda, hata hivyo, kimelipanua neno hilo kuliko Kiswahili. Ingabo ni ngao, na ingabo ni askari pia: Ingabo z'u Rwanda ni majeshi ya Rwanda, na Minisiteri y'Ingabo ni Wizara ya Ulinzi. Katika fikra za lugha hiyo, askari mwenyewe ndiye ngao ya watu waliosimama nyuma yake.

Makala haya yanafuatilia historia ya ngao ya aina moja, nayo ni ile inayowekwa kwenye gari ili bomu likilipuka chini yake au kando yake, waliomo ndani watoke wakiwa hai. Somo hili linaweza kuonekana geni katika jarida la walimu wa lugha. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea katika Afrika yetu ya Mashariki na Kusini, na Kigali ina ukurasa wake wenye uchungu. Pili, wanafunzi wetu wanaokwenda kuwa wakalimani, waandishi wa habari na watumishi wa vikosi vya amani hukutana na mambo haya kazini na kukosa maneno ya kuyasema. Tutajaribu kuonyesha kwamba ngao bora ya gari haikupatikana kwa kuongeza unene wa chuma. Ilipatikana kwa kuipisha nguvu ya mlipuko na kwa kuunganisha nyenzo zisizofanana. Tutaonyesha pia kwamba ngao hata iwe bora namna gani, swali la kwanza la mwanahistoria ni hili: nani aliwekwa nyuma yake, na nani aliachwa nje?

Behewa la mbele

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa uti wa mgongo wa Waingereza katika eneo hili. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilituma doria ndogo kutoka upande wa Kilimanjaro. Doria hizo zilivuka nyika kwa miguu, kwa kiu na kwa siku nyingi, ili kutega baruti chini ya reli. Askari na wapagazi wa doria hizo, kama wale wa upande wa pili, walikuwa Waafrika, na lugha iliyowaunganisha kazini ilikuwa Kiswahili.

Waingereza walijibu kwa njia rahisi. Walitanguliza mbele ya injini behewa moja au mawili yaliyosheheni mizigo mizito, ili mtego ukifyatuka uvunje behewa na kuiacha injini. Wajerumani nao wakabuni mitego iliyoruhusu magurudumu ya kwanza yapite, kisha ikalipuka chini ya yale yanayofuata. Hapo tayari tunaona mashindano yatakayoendelea kwa zaidi ya miaka 100: anayetega hujifunza kutoka kwa anayejikinga, na anayejikinga hujifunza kutoka kwa anayetega. Tunaona pia kanuni ya kwanza ya ulinzi wa gari, kwamba kiungo kisicho na mtu hutolewa ili kiungo chenye mtu kisalimike.

Mchanga, maji na mpira

Mabomu ya ardhini ya kupambana na vifaru yalienea katika Vita Kuu ya Pili, hasa katika majangwa ya Afrika ya Kaskazini. Madereva wa malori walipanga mifuko ya mchanga sakafuni. Mchanga ni ngao ya maskini na hufanya kazi, kwa sababu chembe zake husuguana na kumeza sehemu ya nguvu ya mlipuko. Ubaya wake ni uzito. Lori lililojaa mchanga halina nafasi ya kubeba kitu kingine, nalo huchakaza springi na breki zake kabla ya wakati.

Miaka ya 1960 suala hili lilihamia kusini mwa mto Ruvuma. FRELIMO, iliyokuwa na kambi yake kubwa Nachingwea nchini Tanzania, ilianza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Bomu la ardhini lilikuwa miongoni mwa silaha zake kuu, kwani jeshi dogo linaloteka barabara huweza kulisimamisha jeshi kubwa. Wareno walipanga mifuko ya mchanga ndani ya malori yao, na mbele ya msafara waliwatembeza askari wenye fimbo za kuchokoa ardhi. Kasi ya msafara mzima ikawa kasi ya mtu anayetembea huku akichokoa.

Kuanzia mwaka 1972 mabomu yaliingia katika barabara za Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Huko watu walianza kwa kujaribu walichokuwa nacho karibu. Matairi yalijazwa maji pamoja na upepo, na sakafu ikatandikwa mikanda minene ya mpira kama ile ya viwandani na migodini. Majaribio hayo yalifundisha jambo moja kubwa: ukiunganisha tabaka la mpira na tabaka la chuma, matokeo huwa bora kuliko ya chuma peke yake. Ulikuwa mwanzo wa nyenzo za matabaka katika tumbo la gari, ingawa hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Mkuku: mwenye nguvu mpishe

Ili kuelewa hatua iliyofuata, yafaa tuelewe bomu lenyewe. Bomu la ardhini la kupambana na magari, kama vile TM-46 au TM-57 ya Kisovieti, hubeba karibu kilo 6 hadi 7 za baruti kali. Katika baruti aina ya TNT, mlipuko husafiri ndani yake kwa kasi ya karibu mita 7,000 kwa sekunde. Gesi moto hutoka ardhini pamoja na udongo na mawe na kupiga tumbo la gari kama nyundo. Sakafu ikiwa bapa, nguvu yote huipokea yenyewe. Sakafu hufumuka kuelekea juu, na hata isipopasuka, mtikisiko wake pekee unatosha kuvunja miguu na uti wa mgongo wa aliyekaa.

Wahandisi wa Rhodesia, na baadaye wa Afrika Kusini, waliacha kuifanya sakafu iwe nene tu, wakaigeuza umbo. Walilipa gari tumbo lenye ncha chini na mabawa yanayopanda pande zote mbili, mfano wa herufi V. Watu wa pwani wanalijua umbo hilo vizuri: ni la jahazi, ambalo mkuku wake hukata maji na kuyapitisha kando. Nguvu ya mlipuko ikikutana na mteremko, sehemu kubwa yake hupita pembeni. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na hapa methali imekuwa kanuni ya uhandisi.

Gari la kwanza maarufu la aina hiyo, Leopard, lilitengenezwa Rhodesia mwaka 1974 na mhandisi Ernest Konschel, kwa kutumia injini na vipuri vya Volkswagen. Magurudumu yake yaliwekwa mbali na chumba cha abiria. Gurudumu likikanyaga bomu, ekseli hung'oka na kuruka, chumba kikabaki. Msomaji atatambua kwamba hili ni lile behewa la mbele la Reli ya Uganda limerudi kwa sura nyingine. Konschel alibuni pia gari dogo lililoitwa Pookie, lenye matairi mapana yenye upepo mdogo, lililoweza kupita juu ya bomu bila kuliamsha huku vifaa vyake vikilitafuta. Hivyo wepesi nao ukathibitika kuwa kinga.

Afrika Kusini iliendeleza kazi hiyo katika taasisi yake ya utafiti wa sayansi na viwanda, CSIR, ambako mwanasayansi Vernon Joynt alikuwa miongoni mwa waliojulikana zaidi. Yalifuata magari yenye majina ya wanyama: Hippo, yaani kiboko, na Buffel, yaani nyati. Baadaye zikaja Mamba na Nyala. Hapa mwalimu wa lugha atatabasamu kidogo, kwa maana kusini mwa Afrika mamba ni nyoka mwenye sumu, na kwa Mswahili mamba ni mnyama wa mtoni mwenye ngozi ngumu kama deraya. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kukiita kifaru cha vita kwa jina la mnyama mwenye ngozi nene na pembe. Gari lililopata sifa kuliko yote ni Casspir, na jina hilo limeundwa kwa kuchanganya herufi za CSIR na SAP, polisi wa Afrika Kusini. Lilitengenezwa listahimili kilo 21 za TNT chini ya gurudumu, au kilo 14 chini ya tumbo.

Lakini nani alikaa ndani ya Casspir? Walikaa polisi wa utawala wa ubaguzi wa rangi, waliopigana na SWAPO nchini Namibia, na waliopita na magari hayohayo katika vitongoji vya Waafrika miaka ya 1980 wakiwatawanya waandamanaji. Wakombozi walitega mabomu, na walowezi wakawa na ngao. Kisha historia ikageuka. Baada ya vita, Casspir zilitumiwa kusafisha mabomu katika barabara za Msumbiji na Angola, na watoto wa vijiji vilivyokuwa vikiogopa barabara wakaanza kuzipita tena kwenda shule. Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mashamba ya mabomu yanayojulikana mwezi Septemba 2015. Chombo kilekile kilibadili waliokuwa nyuma ya ngao.

Nyuzi na gundi

Umbo la mkuku lilipunguza nguvu ya mlipuko, lakini halikumaliza tatizo. Bomu halitoi wimbi la mshtuko peke yake. Hutupa vigae vya chuma vyenye makali vinavyokwenda kasi. Isitoshe, bamba la chuma likipigwa kwa nje laweza lisitoboke na bado likabanduka vipande upande wa ndani, vikawajeruhi waliojificha nyuma yake. Dawa ya chuma kinene zaidi ina gharama: mita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa karibu kilo 7,800. Gari likizidi uzito huzama kwenye tope, huvunja madaraja na hupinduka kwenye kona.

Hapo ndipo zilipoingia nyenzo mseto. Kwa maneno mepesi, nyenzo mseto ni kitu kilichotengenezwa kwa vitu viwili au zaidi ambavyo kila kimoja hubaki na tabia yake, lakini vikishikamana hufanya kazi ambayo kimoja pekee hakiiwezi. Jambo hilo si geni kwetu. Nyumba ya udongo na fito ni nyenzo mseto: udongo hustahimili kukandamizwa, fito hustahimili kuvutwa. Tofali la rukarakara linalotengenezwa hapa Rwanda kwa udongo uliochanganywa na nyasi hufuata kanuni hiyo, maana nyasi huzuia ufa usisambae. Ngao ya Mmaasai, yenye ngozi ya nyati iliyoshonewa kwenye kiunzi cha mti, nayo ilijua siri hiyo: ngozi ilinyumbuka, kiunzi kikashikilia.

Katika viwanda, fito zimekuwa nyuzi na udongo umekuwa gundi ngumu ya kemikali. Nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi hiyo, ambazo wengi tunazijua kama faibaglasi ya boti na matangi, zina uzito wa karibu kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Mwaka 1965 mwanakemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont nchini Marekani aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar. Uzito wake ni karibu kilo 1,440 kwa mita ya ujazo, na kwa uzito ulio sawa zina nguvu takriban mara tano ya chuma cha pua. Kigae cha bomu kinapoingia katika matabaka ya nyuzi hizo hukutana na nyuzi nyingi kwa pamoja. Kila moja huvutika na matabaka huachana polepole, na kila kuvutika na kuachana hula sehemu ya kasi yake. Kigae huchoka kabla hakijafika ndani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uzi mmoja nao hausimamishi kigae.

Kwa silaha zinazotoboa, Waingereza walitumia njia nyingine. Katika kituo cha utafiti cha Chobham walitengeneza miaka ya 1960 deraya yenye matabaka ya kauri ndani yake, nayo ikatangazwa hadharani mwaka 1976. Kauri ni ngumu kuliko chuma, ila hupasuka. Kazi yake ni kuvunja ncha ya silaha, na tabaka la nyuma linapokea vilivyobaki. Kila nyenzo ina udhaifu wake, na ufundi wa mbunifu ni kuupanga udhaifu huo mahali ambapo nyenzo ya jirani itaufidia. Kwa jumla, gari la leo la kujikinga na mabomu huwa na mambo manne: tumbo la mkuku lililoinuka mbali na ardhi, mwili wa chuma cha pua au wa nyenzo mseto, bitana ya nyuzi upande wa ndani ya kuzuia vigae, na viti vinavyoning'inizwa kwenye dari au ukutani, pamoja na mikanda, ili mtikisiko wa sakafu usifike kwenye uti wa mgongo.

Yapo majaribio yaliyokwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 2000 Waingereza walionyesha gari la kivita ambalo mwili wake wote ulikuwa wa nyuzi za kioo na gundi, nalo watu wakalitania kuwa ni kifaru cha plastiki. Lilithibitisha kwamba uzito unaweza kupunguzwa. Hata hivyo, nyenzo bila umbo haitoshi, na ushahidi wa hilo ulikuja kwa gharama ya maisha ya watu. Land Rover aina ya Snatch ilikuwa na deraya ya nyenzo mseto iliyokusudiwa kuzuia risasi na mawe katika mitaa ya Ireland ya Kaskazini. Ilipopelekwa Iraki na Afghanistani ilikutana na mabomu makubwa ya kandokando na chini ya barabara, na zaidi ya wanajeshi 30 wa Uingereza walikufa ndani yake. Ripoti ya tume ya John Chilcot ya mwaka 2016 ililaumu ucheleweshaji wa kuleta magari yaliyofaa, na mwaka 2017 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliziomba radhi familia za marehemu. Marekani nayo, baada ya hasara kubwa, iliamua mwaka 2007 kununua kwa haraka maelfu ya magari yenye tumbo la mkuku, ambayo mbinu zake zilitokana moja kwa moja na ujuzi wa kusini mwa Afrika. Magari hayo yaliokoa wengi, lakini mengi yalizidi tani 14, na katika barabara nyembamba yakapinduka. Ndipo likatafutwa gari linalojumlisha yote mawili. Mfano mmojawapo ni Foxhound ya Waingereza, iliyoingia kazini Afghanistani mwaka 2012, yenye tumbo la mkuku pamoja na chumba cha watu cha nyenzo mseto.

Kigali 1994: ngao isiyofika

Hadi hapa tumezungumzia ngao zilizokuwepo. Kigali inatulazimisha kuzungumzia ngao ambayo haikuwepo.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, UNAMIR, kiliundwa kwa azimio namba 872 la tarehe 5 Oktoba 1993, chini ya uongozi wa kijeshi wa Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Magari yake ya deraya yalikuwa machache na mengine yalikuwa mabovu. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama lilikipunguza kikosi hicho tarehe 21 Aprili hadi watu 270. Tarehe 17 Mei liligeuka na kuidhinisha askari 5,500. Ili askari hao waweze kutembea mjini na kuwafikia waliojificha, yaliombwa magari ya deraya kutoka Marekani. Takriban 50 aina ya M113 yaliahidiwa, kisha yakafuata majadiliano marefu ya nani atalipa kodi na usafiri. Magari yalifika Entebbe nchini Uganda mwishoni mwa Juni. Mauaji yalipokoma mwezi Julai, baada ya kuchukua maisha ya zaidi ya watu milioni moja, magari hayo yalikuwa bado hayajafanya kazi yoyote katika mitaa ya Kigali.

Katika kipindi hichohicho, Kapteni Mbaye Diagne kutoka Senegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, alikuwa akiwapakia watu katika gari lake na kuwavusha katika vizuizi vya wauaji, wachache wachache, safari baada ya safari. Alitumia maneno, utani na ujasiri wake. Wanaoaminika kuokolewa naye ni mamia. Tarehe 31 Mei 1994, akiwa njiani kurudi makao makuu ya kikosi hapa Kigali, kombora lilianguka nyuma ya gari lake karibu na kizuizi. Vigae vilipenya dirisha la nyuma na kumuua. Gari lake lilikuwa la kawaida, lisilo na deraya.

Mtu aliyesoma sehemu iliyotangulia ataona ukubwa wa jambo hili. Kigae cha kombora kinachopita katika kioo na bati jepesi ndicho hasa kinachokusudiwa na matabaka ya nyuzi. Ujuzi huo ulikuwepo tangu miaka ya 1970, na magari yenye deraya yalikuwepo kwa maelfu duniani. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuileta ngao mahali ilipohitajika. Mwaka 2010 Rwanda ilimtunuku Kapteni Diagne nishani ya Umurinzi, iliyopokewa na familia yake. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa: kurinda ni kulinda, na umurinzi ni mlinzi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa nao ulianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Baada ya 1994

Vita vya 1990 hadi 1994 viliacha pia mabomu ardhini nchini Rwanda. Rwanda ilitia saini mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa dhidi ya watu mwezi Desemba 1997, na baada ya kazi ya miaka mingi ilitangaza mwaka 2009, katika mkutano wa Cartagena nchini Kolombia, kwamba imemaliza kuyasafisha. Tahadhari kabla ya hatari: bomu lililoondolewa halihitaji deraya.

Mwaka huohuo wa 2009 majirani zetu walikuwa wakijifunza somo lilelile kwa uchungu huko Mogadishu. Vikosi vya Uganda na Burundi vilikuwa Somalia tangu 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 22 Februari 2009 shambulio la kujitoa mhanga liliua wanajeshi 11 wa Burundi. Tarehe 17 Septemba magari mawili yaliyopakwa alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya kikosi na kulipuka, yakaua wanajeshi 17, akiwemo naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi. Casspir na Mamba zilikuwa zikitumika katika barabara za mji huo kubeba askari wa Kiafrika, lakini siku hiyo bomu lilikuja langoni likiwa limevaa rangi ya rafiki. Hakuna nyenzo mseto inayozuia udanganyifu wa namna hiyo.

Tangu Julai 2021 askari wa Rwanda wamekuwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mahali palepale FRELIMO ilipoanzia vita vyake mwaka 1964. Katika ukanda huo wa pwani watu wengi wanafahamu Kiswahili, nacho kimekuwa daraja kati ya askari na wenyeji. Kwetu sisi walimu habari hii ina uzito wake. Mwanakijiji ndiye wa kwanza kuona udongo uliofukuliwa barabarani usiku. Akiweza kumwambia askari, na askari akiweza kuelewa, gari halitafika kwenye bomu.

Maneno ya darasani

Tukirudi katika ukumbi wetu wa lugha, tunaona kwamba Kiswahili hakijakosa maneno kama inavyodhaniwa. Deraya lipo katika kamusi kwa maana ya vazi la chuma na ganda la gari la vita. Kigae lilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, na linafaa kabisa kwa kipande cha bomu. Kwa sakafu yenye umbo la V tunapendekeza tumbo la mkuku, neno ambalo mafundi wa majahazi wamelitunza. Kwa tabaka la nyuzi la ndani tunapendekeza bitana, neno la mafundi cherehani kwa kitambaa kinachoshonewa upande wa ndani wa koti, kwani kazi ni ileile ya kutenganisha mwili na kilicho kigumu. Nyenzo mseto inafuata njia ya kilimo mseto na serikali ya mseto, na asili yake ni chungu cha mchele na choroko.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutoka behewa la mbele la mwaka 1915 hadi chumba cha nyenzo mseto cha mwaka 2012, ulinzi wa gari umekua kwa kanuni chache: kutoa kiungo kisicho na mtu, kujiweka mbali na mlipuko, kuipisha nguvu, na kuunganisha vitu vyenye tabia tofauti ili kimoja kifidie udhaifu wa kingine. Tumeona pia kwamba kanuni hizo ziliwalinda kwanza watawala, kisha walinzi wa amani na wasafisha mabomu, na kwamba mwaka 1994 hazikumlinda yeyote katika mitaa ya Kigali kwa sababu walioweza kuzileta walikuwa wakijadili bei.

Walimu wenzetu wanaofundisha tafsiri wanaombwa wayajaribu maneno hayo matano pamoja na wanafunzi wao, kwa kutafsiri ripoti moja ya kikosi cha amani au ya usafishaji wa mabomu, kisha watuandikie yapi yamekubalika masikioni na yapi yamekwama. Wanaofundisha isimu linganishi nao watapata katika ingabo na ngao, na katika umurinzi na mlinzi, mifano miwili ambayo mwanafunzi hataisahau kwa urahisi, hasa akiambiwa pamoja nayo habari za Kapteni Diagne.